Pale alipomwita jina: niliyowaambia watu wa Tanga kuhusu kusoma riwaya za mapenzi kwa sauti

Haya ni maneno niliyozungumza Jumamosi asubuhi pale Tanga mjini, mbele ya vijana na wakubwa wanaotaka kuingia kwenye kazi ya kusoma vitabu vya sauti. Wengi mmeniandikia kwamba hamkuweza kufika, kwa hiyo nimeyaweka yote kama nilivyoyasema, picha za ukutani tu ndio nimeziacha.

Asalaam aleikum. Wazee wangu shikamooni, mama zangu shikamooni, na nyie wengine wote hamjambo? Mnanisikia huko nyuma? Haya.

Mimi ni mtoto wa Pangani, shule nimesoma hapa hapa Tanga, sasa hivi nina miaka 12 Uingereza na kazi yangu ni kusoma. Nikisema hivyo watu wananiuliza, unasomea nini? Sisomei kitu, nasoma. Mtu kaandika kitabu, mimi naingia ndani ya kabati na maiki nakisoma chote kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho, halafu mtu mwingine nisiyemjua anakisikiliza huku anaosha vyombo au anaendesha lori usiku au kalazwa hospitali hana usingizi. Na vitabu ninavyosoma zaidi ni riwaya za mapenzi za enzi za zamani, hasa zile za Uingereza ya 1811 mpaka 1820, kipindi wanachokiita Regency, mfalme George wa Tatu kashikwa na maradhi ya akili na mwanawe anatawala kwa niaba yake. Magari ya farasi, barua zilizofungwa kwa lakiri, madansi, mabinti wanatafutiwa wachumba.

Nimeona kuna waliotabasamu niliposema mapenzi. Nitarudi kwenu, msiondoke.

Kwanza niwaambie nani alinifundisha kazi hii. Bibi yangu alikuwa na presha ya macho, ikamla taratibu mpaka akabaki anaona mwanga wa mlango tu. Mjomba alikuwa Maskati kikazi, anatuma barua, na mimi na miaka yangu 11 ndio nilikuwa karani wa nyumba. Nasoma mbio mbio maana wenzangu wapo nje wananisubiri tukacheze rede. Siku moja nimemaliza kurasa nne nataka kunyanyuka, bibi akanishika gauni. "Mke mwenzangu," ndivyo alivyoniita siku zote, "unamkimbilia nani? Mwanangu kakesha anaandika, wewe umemaliza hata chai haijapoa. Kaa. Anza tena. Na safari hii nisomee na pale aliponyamaza."

Nisomee na pale aliponyamaza. Mmeisikia hiyo?

Nikaanza tena. Ndio nikaona kwamba mjomba baada ya kuuliza hali ya mama yake kaacha mstari mzima mtupu, halafu ndio kaandika eti huko mvua zimenyesha? Mara ya kwanza nilipapita kama nasoma orodha ya dukani. Mara ya pili nikanyamaza pale, kidogo tu. Bibi akajifuta macho kwa upindo wa kanga, akasema, "Ehee, sasa namsikia."

Nimelipia kozi Uingereza, nimekaa na walimu wa sauti, na sijawahi kupewa somo lililoipita sentensi ile ya bibi. Na ukiangalia, kazi yenyewe ilizaliwa hivyo hivyo, kwa ajili ya wasioona. Marekani walianza miaka ya mwanzo ya 1930, shirika la American Foundation for the Blind likatengeneza santuri zinazozunguka polepole ili zibebe maneno mengi. Uingereza wakafuata 1935, wakiwafikiria sana askari waliopofuka Vita Kuu ya Kwanza. Baadaye sana ndio zikaja kaseti, zikaja CD, ikaja Audible 1995, kampuni ya kuuza vitabu vya sauti, Amazon ikainunua 2008, na 2011 wakafungua ACX, soko la mtandaoni ambapo mwandishi anamtafuta msomaji na msomaji anamtafuta mwandishi. Mitambo imebadilika mno. Anayesikiliza hajabadilika, bado ni mtu mmoja, kafumba macho au macho yake yana kazi nyingine, na anakutegemea wewe.

Mtu mmoja, jamani. Hili nalirudia kwa sababu watu wengi wanaokuja kwangu wameambiwa wana sauti nzuri. Kaka mmoja alinitumia rekodi yake, sauti nzito kama ngoma, mtangazaji kabisa, nikamsikiliza dakika tano nikachoka. Alikuwa anawatangazia watu uwanjani. Kitabu hakitangazwi, kitabu anaambiwa mtu mmoja aliye karibu hivi. Nilimwambia achukue kiti kingine akiweke mbele ya maiki, amfikirie shangazi yake kakaa pale, amsomee shangazi. Rekodi ya pili ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, na koo ni lile lile!

Sasa tufanye kitu. Fumbeni macho, nyamazeni, mimi nahesabu mpaka kumi.

Mmesikia nini? Feni. Bodaboda. Kunguru. Friji ya soda pale mlangoni. Na kuna mtu ana bangili. Nyie mlikuwa mnayasikia hayo yote tangu mmeingia lakini sikio limezoea kuyapita. Maiki haijazoea kupita kitu. Wakati unasoma binti anasubiri barua ya mpenzi wake aliyeko vitani, friji inanguruma nyuma yake, na mwaka 1815 hakukuwa na friji.

Viwango vya ACX ni hivi, andikeni maana hata kazi za kwingine nyingi ziko karibu na hapo: ukimya wa chumba chako usizidi desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) -60, sauti yako kwa wastani ikae kati ya -23 na -18, na pale unapopaza sana isivuke -3. Faili moja kwa kila sura. Mnadhani mpaka muwe na studio? Mimi nilianzia kwenye kabati la nguo, makoti ya baridi huku na huku, blanketi mlangoni, na maiki ya bei ya kawaida. Kwa hapa, chumba cha ndani kisicho na dirisha la barabarani, magodoro mawili mmeyasimamisha, mazulia, nguo nyingi, zima feni, zima friji (na usisahau kuiwasha), soma usiku baada ya saa nne mji ukitulia. Mvua ikipiga bati, lala. Hakuna programu itakayoiondoa mvua ya bati bila kuondoka na sauti yako.

Mwili nao unasikika. Maji unayokunywa dakika ile hayasaidii sana, kunywa tangu jana yake. Mdomo ukianza kutatarika wasomaji wengi wanatafuna tufaha la kijani, na kweli linasaidia. Usiingie na njaa, tumbo likinguruma unarudia sentensi. Usivae nailoni, vaa kanga au pamba.

Haya, tuje kwenye kusoma kwenyewe, na hapa naomba mnivumilie maana ndipo roho yangu ilipo.

Soma kitabu chote kabla hujawasha maiki. Chote! Mwaka wangu wa pili nilikuwa na haraka, nikasoma sura tano za mwanzo nikasema namjua kila mtu humu, nikaanza kurekodi. Kulikuwa na msimamizi wa farasi, mtu mzima mpole, nikampa sauti ya London. Nimefika sura ya 31, mwandishi anasema, "akajibu kwa ile lafudhi yake ya Scotland ambayo miaka yote ya London haikuweza kuifuta." Sura ya 31! Nilirudi nyuma nikatafuta kila alipofungua mdomo, nikarudia yote, siku nne zikaenda na siku nne zile hakuna aliyenilipa. Tangu hapo nina daftari, kila mhusika ana ukurasa wake, katokea wapi, ana umri gani, anaongea haraka au anavuta, anamwogopa nani, na maneno magumu nimeyaandika yanavyotamkwa.

Maana Waingereza wana majina yenye mitego. Unaona limeandikwa Cholmondeley, linatamkwa Chamli. Beauchamp ni Bichamu. Kasri la Belvoir ni Biva. Cheo cha Viscount, ile s haitamkwi, ni Vaikaunti. Na wasikilizaji wa riwaya hizi wanajua! Wamesikiliza mamia, kipindi kile wanakijua kuliko walimu wengine wa historia. Ukikosea jina moja umemtoa mtu ukumbini wakati dansi inaanza.

Nawapa mfano mmoja wa kwa nini historia yenyewe lazima uijue. Usiku wa tarehe 15 Juni 1815, Brussels, Duchess wa Richmond aliandaa dansi, maofisa wa jeshi la Wellington, jemadari wa Waingereza, wamo humo ndani, na katikati ya dansi habari inafika kwamba Napoleon wa Ufaransa anakuja. Wapo waliokwenda vitani bado wana nguo za dansi. Siku tatu baadaye, tarehe 18, ni vita vya Waterloo. Dansi hii waandishi wa mapenzi wanaipenda na mimi nimeisoma zaidi ya mara moja. Sasa wewe msomaji unajua kinachokuja. Kijana anamwomba binti wacheze, unajua huenda keshokutwa ni maiti. Je, sauti yako ianze kuhuzunika? Hapana. Hapana kabisa. Yeye hajui, yeye anafurahi, moyo wake unadunda kwa sababu mkono wa binti uko kwenye mkono wake. Soma furaha yake kamili wala usiipunguze. Ukiianza huzuni mapema umemnyang'anya kijana wa watu usiku wake wa mwisho.

Na sasa narudi kwenu mliotabasamu.

Watu wanafikiri riwaya ya mapenzi inasomwa kwa kuhema. Wanafikiri ni nyepesi. Mimi nasema ni ngumu kuliko zote kwa sababu ndani yake watu hawasemi wanachotaka kusema. Uingereza ile mwanamume haruhusiwi kumwita binti kwa jina lake. Binti mkubwa wa nyumba anaitwa Miss na jina la ukoo basi, wadogo zake ndio jina lao linatajwa mbele ya la ukoo. Watu wanapendana kurasa mia mbili wanaitana bwana fulani na bibie fulani. Halafu siku moja, mara nyingi wakati wa ugomvi au wa hatari, jina linamponyoka mwanamume. Jina tu! Hakuna busu, hakuna kitu. Na kitabu chote kilikuwa kinakwenda pale.

Msomaji asiyejua hilo atapapita. Atasoma jina kama neno lolote, halafu atajitahidi kwenye busu. Sisi watu wa pwani tutapapita kweli? Sisi?

Bibi yangu alikaa na babu miaka zaidi ya 40, na hatujawahi kumsikia akimwita kwa jina lake. Alimwita Baba Watoto. Akiwa kamkasirikia, huyu bwana. Jina la babu sisi wajukuu tulilijua kwa watu wa msikitini. Siku babu amefariki, wameshamkosha, wameshamvika sanda, wanataka kumtoa, bibi akaomba aingie. Nilikuwa mlangoni nimeshika udi. Akamwita jina lake. Mara moja, kwa sauti ndogo, kama mtu anayemwamsha mtu asubuhi. Hakuongeza neno.

Kila nikifika kwenye mstari ule kwenye riwaya, yule Duke au yule nahodha anamwita binti jina lake kwa mara ya kwanza, mimi namsikia bibi. Sipazi sauti, siongezi pumzi. Nanyamaza kidogo kabla, nalisema jina kama kitu kilichotunzwa muda mrefu, nanyamaza kidogo baada. Basi. Barua nyingi ninazopata kutoka kwa wasikilizaji zinataja sehemu hiyo.

Ndio maana nasema msidhani mnakwenda kuomba kazi kwenye nyumba ya watu. Mapenzi ya adabu, mapenzi yanayopita kwenye mambo madogo, ndiyo tuliyokulia. Mtu anavaa kanga yenye maneno fulani anapita mbele ya mlango fulani, ujumbe umefika. Shairi linaimbwa harusini, mtu mmoja tu ukumbini anajua linamhusu yeye. Na tunazo hadithi zetu za kweli. Seyyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, alizaliwa 1844, akapendana na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, jirani yake Mji Mkongwe, nyumba kwa nyumba, paa la yule chini kidogo ya la kwake. Mwaka 1866 akaondoka usiku kwa manowari ya Kiingereza, Highflyer, mpaka Aden. Huko 1867 akabatizwa, akaitwa Emily, wakaoana, wakaenda Hamburg. 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu wadogo kwenye nchi ya baridi. Ameyaandika mwenyewe, kwa Kijerumani, yakachapwa 1886. Niambieni ninyi, kuna riwaya gani ya London yenye uzito huo? Nani hapa ataandika riwaya ya mapaa yale mawili, na nani ataisoma kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayejua jioni ya Mji Mkongwe inavyonukia? Natamani kuisikia kabla sijazeeka.

Kuna swali naona mnaogopa kuuliza mbele ya wazee, nalijibu mwenyewe. Vitabu vya mapenzi vingine vina mambo ya chumbani. Kabla hujakubali kazi unauliza, unaambiwa kiwango chake, na una haki ya kukataa. Mimi nasoma vile ambavyo mlango unafungwa na sura inaisha. Kuna wenzangu wanasoma vyote kwa jina la bandia, ni kazi halali kwao na wanaifanya kwa heshima. Ila amua kabla ya kusaini. Ukishasaini huwezi kuruka kurasa, maneno ya mwandishi yanasomwa yote.

Na kina dada, mkisoma maneno ya mwanamume msishushe sauti mpaka koo likwaruze. Mwanamume hasikiki kwa uzito tu. Punguza maneno yako kuyumba, sema kwa kutulia, fupisha mwisho wa sentensi. Kaka ukisoma mwanamke usibane pua, utamfanya kikaragosi na mwanamume anayempenda ataonekana mjinga. Lainisha tu. Msikilizaji atamalizia mwenyewe.

Pesa. Malipo yanahesabiwa kwa saa iliyokamilika, yaani saa ya kitabu kilichomalizika, siyo saa uliyokaa kabatini. Maneno kama 9,000 hivi ni saa moja. Riwaya ya maneno 90,000 ni saa 10. Lakini kila saa moja ukiweka maandalizi, kurekodi, kusikiliza tena na kusafisha, kwa anayeanza ni saa sita hivi, kwa hiyo unazungumzia saa 60 za kazi. Usikubali bei bila kupiga hesabu hiyo. Kuna mpango mwingine wa kugawana mauzo bila malipo ya mbele, unaweza kupata au usipate, mimi cha kwanza nilifanya hivyo na kikauza nakala chache sana. ACX yenyewe inapokea wanaoishi Marekani, Uingereza, Canada na Ireland, kwa hiyo aliye hapa Tanga awatafute wachapishaji na waandishi moja kwa moja. Pa kufanyia mazoezi papo: mtandao wa LibriVox, tangu 2005, watu wa kujitolea wanasoma vitabu ambavyo hakimiliki imekwisha, hawalipi lakini utajifunza, mimi nilipita huko. Na msichukue kitabu cha mtu mkakirekodi mkakipandisha YouTube bila ruhusa. Kwa sheria yetu ya 1999 haki ya mwandishi inaendelea miaka 50 baada ya kufa kwake. Ombeni ruhusa kwa maandishi.

Na kwa maandishi hayo hayo someni mikataba yenu. Januari 2023 Apple walianza kuuza vitabu vinavyosomwa na sauti za kompyuta, na walianza na nini? Mapenzi na hadithi za kubuni. Walianza kwetu! Kwa hiyo ukiona kifungu kinachosema rekodi zako zinaweza kutumika kufundishia kompyuta au kutengenezea sauti nyingine, simama. Uliza. Omba kitolewe. Kuna kampuni moja ilinitumia mkataba wa kurasa 19, kifungu hicho kipo ukurasa wa 16 katikati ya mambo ya kodi. Nilikataa ile kazi na mwezi ule ulikuwa mgumu sana kwangu, sitawaficha. Lakini ile namna ya kulisema jina nimeipata mlangoni nimeshika udi, siwezi kuiuza kwa kifungu cha ukurasa wa 16.

Nimesema mengi, mama pale mbele anaangalia saa. Nimekuja na kurasa mbili, riwaya ya rafiki yangu ambayo haijachapwa, ya Kiswahili, Pangani ya zamani, na ameniruhusu. Nawasomea hizo, halafu maswali.

Kaka wa pale nyuma, nakuomba utuzimie feni.